Dawa ya Usahaulifu: Panya Waliwafundisha Waganga Nini?

Tuanze na jambo linalojulikana katika parokia nyingi za Kivu. Bibi mzee, aliyekuwa mtu wa kazi na wa sala, anaanza kusahau. Kwanza anasahau mahali alipoweka ufunguo. Kiisha anasahau sufuria ya sombe motoni. Kiisha anauliza habari za mume wake, naye mume amekwisha kufa tangu miaka kumi. Usiku anaamka, anatoka nje, anazungukazunguka juu ya mawe ya volkano akisema peke yake. Majirani wanamwona. Siku mtoto wa jirani anapokufa kwa homa, neno linatoka: «Tulimwona usiku. Ni mlozi.» Tangu siku ile bibi huyu yumo hatarini.

Tusidhani kwamba ni maneno tu. Mwaka wa 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake walioshtakiwa ulozi waliuawa na watu wa vijiji vyao, na wengine walichomwa moto. Katika inchi ya Tanzania, upande wa Usukuma, wabibi wazee waliuawa miaka mingi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na mara nyingi wekundu ule ulitoka katika moshi wa kupikia.

Padri au mkatekista akifika katika nyumba kama ile ya bibi yetu, ataulizwa maswali mawili. La kwanza: je, ni ulozi au ni ugonjwa? La pili: kama ni ugonjwa, dawa iko? Maneno haya yataka kumsaidia kujibu. Jibu lenyewe limepita njia ndefu. Limeanza katika haragwe moja la sumu la Afrika, likapita katika moyo wa chura, likafika katika beseni la maji ambamo panya wenye jeraha la ubongo waliogelea. Tuifuate njia hiyo polepole. Mtu anayejua jibu lilikotoka hatalizidisha wala hatalipunguza.

I. Haragwe la hukumu

Kusini-mashariki mwa Nigeria kuna mji wa Calabar. Wenyeji wake, Waefiki, walijua mmea mmoja unaotambaa karibu na mito, wenye haragwe kubwa la rangi ya kahawia. Waliliita esere. Mtu aliyeshtakiwa ulozi alipewa haragwe lile alile, ao alinywe ndani ya maji likiwa limesagwa. Akitapika na kupona, walisema hana kosa. Akifa, walisema kosa lake ndilo lililomwua. Desturi ya namna hii ilikuwa katika sehemu nyingi za Afrika. Ndiyo iitwayo mwavi. Katika Kongo yetu, Wazande wa Uele walikuwa na sumu yao, benge. Wao walizoea kuwapa kuku, wakaliuliza neno lao. Tena walimpa kuku wa pili, wakageuza swali, kusudi wahakikishe jibu la kwanza. Hata wao waliona kwamba jaribio moja halitoshi.

Wamisionari Waprotestanti kutoka Scotland walifika Calabar mwaka wa 1846. Waliiona hukumu ile, na mbegu za mmea zikapelekwa Edinburgh. Huko, mwaka wa 1855, Profesa Robert Christison alikula kipande cha haragwe yeye mwenyewe, apate kujua linafanya nini katika mwili. Akashikwa na kizunguzungu, nguvu zikamwisha, moyo wake ukapiga bila utaratibu. Alipoona hatari, alikunywa maji ya sabuni aliyonyolea ndevu, akatapika, akapona. Mwaka wa 1864 wenye elimu wawili wa Udachi, Jobst na Hesse, waliitoa sumu yenyewe ndani ya haragwe, wakaiita fizostigmini.

Basi, tuweke jambo hili moyoni: sumu iliyotumiwa kwa kuwahukumu walioitwa walozi ndiyo iliyofungua mlango wa dawa ya usahaulifu. Namna gani? Tuangalie.

II. Mjumbe na mwondoaji

Mwaka wa 1921, mjini Graz katika inchi ya Austria, Profesa Otto Loewi alichukua mioyo miwili ya chura. Mioyo ile ilikuwa ingali ikipiga ndani ya maji ya chumvi. Alisukuma kwa umeme mshipa wa fahamu unaopunguza mwendo wa moyo wa kwanza, na moyo ukaenda polepole. Halafu alichukua maji yaliyouzunguka moyo ule, akayatia katika moyo wa pili. Moyo wa pili nao ukaenda polepole, ijapokuwa mshipa wake haukuguswa na mtu. Ilionekana wazi kwamba mshipa wa fahamu unamwaga kitu, na kitu hicho ndicho kinachopeleka amri. Kitu hicho chaitwa asetilkolini. Mwaka wa 1936 Loewi na Mwingereza Henry Dale walipewa zawadi ya Nobel kwa ajili ya kazi hii.

Ili tufahamu vizuri, tuseme kuna vijiji viwili, na kijito katikati. Chifu wa kijiji kimoja anatuma mjumbe. Mjumbe anavuka, anagonga mlango, anatoa neno lake. Lakini akibaki mlangoni akigonga mchana kutwa, watu wa kijiji cha pili hawatajua kama ni neno jipya ao ni lile la asubuhi. Kwa hiyo kuna mtu mwenye kazi ya kuwaondoa wajumbe mara tu wakiisha kusema. Katika mwili wetu, chembe za ubongo na mishipa ni kama vijiji hivyo. Hazigusani, katikati yake kuna nafasi ndogo sana. Asetilkolini ni mjumbe mmojawapo. Na mwondoaji wake ni kitu kinachoitwa kolinesterasi. Kazi yake ni ya haraka kupita kufumba jicho.

Mwaka wa 1926 Loewi na mwenzake Navratil walionyesha kwamba fizostigmini inamzuia yule mwondoaji. Hapo ndipo siri ya haragwe la Calabar ilipofunuliwa. Mwondoaji akizuiliwa, wajumbe wanajazana. Mate na machozi yanatoka, mboni za macho zinakuwa ndogo, moyo unapungua mwendo, nyama za mwili zinatetemeka na kiisha zinalegea, pumzi inakatika. Mshtakiwa alikufa hivyo. Haragwe halikujua kitu cho chote juu ya dhamiri yake. Liliizuia kolinesterasi ya mwenye kosa na ya asiye na kosa sawasawa; aliyewahi kutapika alipona.

Lakini sumu ikipimwa vizuri inaweza kuwa dawa. Mwaka wa 1934, katika Uingereza, mganga mwanamke, Mary Walker, alimpa fizostigmini kidogo mgonjwa ambaye nyama za mwili wake zililegea mno. Kwa saa chache nguvu zikamrudia. Katika ugonjwa ule ujumbe wa asetilkolini haupokelewi vizuri na nyama za mwili. Mwondoaji akizuiliwa, wajumbe wanakawia mlangoni, na neno lao linasikika.

III. Ubongo wa mzee unakosa nini?

Mwaka wa 1906 mganga Mdachi Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake habari za mwanamke mmoja aliyepotewa na nguvu ya kukumbuka kabla ya kuwa mzee sana. Baada ya kifo chake, mganga alipasua ubongo wake, akaona umenyauka, tena ndani yake mna takataka na nyuzi zilizosokotana. Ugonjwa ule ukachukua jina la mganga. Si ugonjwa pekee unaowaondolea wazee akili, lakini ndio ulio mkubwa kupita mengine.

Mwaka wa 1974, katika Marekani, Drachman na Leavitt waliwapa vijana wenye afya skopolamini, dawa inayowafungia wajumbe wa asetilkolini mlango wasipokelewe. Vijana wale wakashindwa kushika maneno mapya, karibu kama wazee. Mwaka wa 1976 Davies na Maloney, mjini Edinburgh, mji ule ule wa Christison, walipima ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa wa Alzheimer. Waliona kwamba kile kinachotengeneza asetilkolini kimepungua sana. Na mwaka wa 1982 waganga wa Baltimore walionyesha kwamba katika wagonjwa hao chembe nyingi zimekufa mahali padogo chini ya ubongo, mahali ambapo wajumbe wa asetilkolini hutumwa kwenda sehemu zote za juu.

Wengi wakafurahi, wakasema: tumepata sababu ya usahaulifu. Lakini mwenye elimu hana ruhusa ya kukimbia hivyo. Jogoo anawika na jua linachomoza, lakini si jogoo anayeleta jua. Labda asetilkolini imepungua kwa sababu ya ugonjwa, bila kuwa ndiyo inayoleta usahaulifu. Kusudi ajue, mtu lazima aondoe kitu kimoja tu, aone kinachofuata, kiisha akirudishe, aone tena. Nani atathubutu kumfanyia mtu hivyo? Ndiyo maana walichukua panya.

IV. Panya waliulizwa namna gani

Panya wa maabara ni panya waliofugwa vizazi vingi, wengi wao weupe. Walilazwa usingizi kwa dawa, na kwa sindano nyembamba sana wakatiwa tone la sumu kali katika mahali pale padogo chini ya ubongo, panapolingana na pale palipokufa katika wagonjwa. Sumu iliyotumiwa sana iliitwa asidi ya iboteni. Chembe za mahali pale zikafa. Panya akapona jeraha lake, akala, akatembea. Je, aweza kujifunza?

Panya hawezi kusema, kwa hiyo aulizwe kwa matendo. Njia mbili zilitumiwa sana.

Njia ya kwanza ni sanduku lenye vyumba viwili, kimoja cheupe chenye mwanga, kingine cha giza. Panya hupenda giza, huingia mara moja. Akiingia, anapata umeme kidogo miguuni. Kesho yake anarudishwa katika chumba cha mwanga, na mtu anahesabu dakika. Panya mzima anakumbuka, anakaa palepale akisitasita. Panya aliyeumizwa ubongo anaingia gizani upesi, kana kwamba jana haikuwako.

Njia ya pili ilitengenezwa na Richard Morris katika Scotland, naye aliitangaza mwaka wa 1981. Ni beseni kubwa la maji yasiyoonekana ndani, kwa mfano kwa kutiwa maziwa. Chini kidogo ya uso wa maji kuna kibao kilichofichwa. Panya anaogelea mpaka akipate. Siku ya kwanza anatafuta huko na huko. Siku zinazofuata, kwa kuangalia alama za chumba, anakwenda moja kwa moja. Panya aliyeumizwa huendelea kutafuta kama mgeni.

Sasa angalieni hekima ya jaribio, ninyi waseminari hasa, kwa maana mnajifunza kanuni za kufikiri. Haitoshi kumpa panya mmoja dawa na kusema: ameponywa. Hufanywa makundi manne. La kwanza: panya walioumizwa, wakapewa dawa. La pili: walioumizwa, wakapewa maji ya chumvi tu. La tatu: waliopasuliwa kichwa bila kuumizwa ubongo, wakapewa maji ya chumvi. La nne: waliopasuliwa vile vile bila kuumizwa, wakapewa dawa. Kundi la pili likilinganishwa na la tatu, lafundisha kazi ya jeraha. La kwanza likilinganishwa na la pili, lafundisha kazi ya dawa. La nne laonyesha kama dawa yafanya neno hata kwa wazima. Tena yule anayehesabu dakika asijue panya huyu ni wa kundi gani, kwa maana jicho la mtu hupenda kuona kile ambacho moyo wake unatumaini.

Tena lazima kuhakikisha kwamba tabia haidanganyi. Panya asipokipata kibao, labda haoni vizuri ao hana nguvu za kuogelea. Kwa hiyo kibao huinuliwa juu ya maji: akikiona na kukifikia, basi macho na miguu ni mizima. Panya akiingia gizani upesi, labda hausikii umeme, ao hawezi kutulia mahali pamoja. Nayo hupimwa. Kujifunza hakuonekani kwa macho; sisi twaona matendo tu, na tendo moja laweza kuwa na sababu nyingi.

V. Panya walijibu nini

Mwaka wa 1985 Murray na Fibiger, huko Vancouver katika inchi ya Kanada, walitangaza kwamba panya walioumizwa mahali pale walishindwa kujifunza na kukumbuka, na kwamba fizostigmini iliwarudishia sehemu ya nguvu hiyo. Mwaka ule ule wataalamu wengine katika Marekani walipata jibu la kufanana. Sumu ya Calabar iliwasaidia panya wenye jeraha kukumbuka.

Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni kipimo. Dawa ikiwa kidogo mno, haifanyi kitu. Ikiwa ya kadiri, inasaidia. Ikizidi kidogo tu, panya anatetemeka, anatoa mate, anajifunza vibaya kupita mbele. La pili ni muda. Fizostigmini hudumu mwilini muda mfupi, kiisha panya anarudi kama alivyokuwa. Dawa haikuziponya chembe zilizokufa. Iliwakawiza wajumbe wale wachache waliobaki.

VI. Wenye elimu wanajisahihisha

Kama tungesimama hapa, tungekuwa na habari nzuri lakini si kweli yote. Wenye elimu waliuliza tena: je, asidi ya iboteni iliua chembe za asetilkolini tu? La, iliua pia majirani zao, chembe za namna nyingine. Walipotumia sumu nyingine iliyoua chembe za asetilkolini nyingi zaidi na majirani wachache, panya walijifunza vizuri kuliko walivyotazamia. Mwaka wa 1991 Dunnett, Everitt na Robbins wa Cambridge walikusanya majaribio haya na kuonyesha kwamba usahaulifu wa panya wa kwanza ulitoka kwa sehemu kubwa katika chembe za majirani. Katika miaka ile ilipatikana sumu inayochagua chembe zile za asetilkolini peke yake. Panya wengi waliotiwa sumu hiyo waliendelea kukipata kibao ndani ya maji. Kile kilichopungua zaidi ni uangalifu: walishindwa kuweka akili yao juu ya neno moja katikati ya mambo mengi.

Kwa hiyo mjumbe asetilkolini si ghala ya kumbukumbu. Afadhali tuseme ni kama taa inayowashwa kusudi jambo lionekane vizuri. Asiyeangalia vizuri hashiki, na asiyeshika hatakumbuka. Taa ikiongezwa mafuta, chumba kinaonekana kidogo zaidi. Lakini ikiwa vitabu vyenyewe vinaoza, taa haitavirudisha. Na katika ugonjwa wa Alzheimer, vitabu vyenyewe vinaoza.

Tusiwacheke wenye elimu kwa sababu walibadili neno lao. Mwavi haukujisahihisha hata siku moja: aliyekufa alikuwa na kosa, aliyepona hakuwa na kosa, na neno liliishia hapo. Jaribio jema laacha mlango wazi, apate kuingia mtu mwingine kusema: umekosea mahali hapa.

VII. Dawa zilipofika kwa watu

Mwaka wa 1993 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza ya namna hii kwa ugonjwa wa Alzheimer, jina lake takrini. Iliwadhuru wengi kwenye ini, na leo imeachwa. Mwaka wa 1996 ikafuata donepezili. Kiisha zikaja rivastigmini, iliyo ndugu ya fizostigmini ya Calabar, na galantamini, iliyopatikana kwanza katika mmea wenye maua madogo. Zote hizi tatu zinamzuia mwondoaji kolinesterasi, nazo zingali zikitumiwa.

Zinasaidia kiasi gani? Kuna mtihani unaotumiwa kuwapima wagonjwa hao, wenye alama 70. Katika majaribio makubwa, baada ya miezi sita hivi, waliopewa dawa walikuwa mbele ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa kwa alama mbili ao tatu tu. Kwa mgonjwa mmoja ni kukumbuka jina la mjukuu muda wa miezi zaidi. Kwa mwingine hakuna tofauti inayoonekana. Dawa hazisimamishi ugonjwa. Tena zaweza kuleta kichefuchefu, kutapika, kuhara, na kupunguza mwendo wa moyo. Kwa hiyo hutolewa na mganga aliyempima mgonjwa. Hazinunuliwi ovyo sokoni.

Kwa nini panya walisaidiwa zaidi kuliko watu? Panya alikuwa na jeraha moja, la siku moja, mahali pamoja. Mzee ana ugonjwa unaoenea kila mwaka katika ubongo wote. Panya alifundisha sehemu ya ugonjwa. Hakuwa na ugonjwa wenyewe.

VIII. Maswali mawili yanayokuja kwa haki

Mseminari atauliza: ni halali kuwaumiza wanyama hivi? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2417 na 2418, yafundisha kwamba majaribio juu ya wanyama yakubalika yakikaa katika mipaka ya akili na yakisaidia kuponya ao kuokoa watu, lakini kuwatesa wanyama bure ni kinyume cha heshima ya mtu mwenyewe. Mwaka wa 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, waliandika kanuni tatu ambazo maabara nyingi zinazishika mpaka leo: badala ya mnyama, tumia njia nyingine kama iko, tumia wanyama wachache iwezekanavyo, na punguza maumivu yao. Jaribio lililotengenezwa vibaya linavunja kanuni hizi, kwa sababu mnyama ameteswa na hakuna lililojulikana.

Mkulima naye atauliza: sumu hii iko kwetu? Ndiyo. Dawa nyingi za kuua wadudu mashambani, zile za organofosfati na za karbamati, zinamzuia kolinesterasi yule yule. Mtu aliyepuliza dawa bila kujilinda, ao mtoto aliyekunywa katika chupa yake, akianza kutoa mate na machozi, mboni zikiwa ndogo na pumzi ikimshinda, apelekwe lopitali mbio. Huko wanayo atropini, dawa inayowafungia wajumbe mlango. Mtu asidhani kwamba sumu ya shamba, kwa kuwa ni ya ukoo mmoja na dawa ya wazee, yaweza kumsaidia mzee. Itamwua, kama haragwe lilivyowaua watu wa Calabar.

IX. Tufanye nini parokiani?

Turudi sasa kwa bibi yetu wa mawe ya volkano. Swali la kwanza limejibiwa. Kusahau, kuzunguka usiku, kusema peke yake, kuwashuku watoto wake kwamba wamemwibia: hizo ni alama zijulikanazo za ugonjwa wa ubongo. Nao si ugonjwa wa Wazungu tu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2010 uliwaona wagonjwa wa namna hii 81 katika kila wazee 1000 wa Bangui, na 67 katika kila wazee 1000 wa Brazzaville, wote wenye miaka 65 na zaidi. Kwa hiyo katika parokia yenye wazee wengi hatutashangaa kuwakuta.

Kwa swali la pili tuseme kweli: dawa ziko, zinasaidia kidogo, haziponyi. Lakini kuna mambo manne tunayoweza kufanya.

Kwanza, mzee apelekwe kwa mganga wa lopitali, hasa kama kuchanganyikiwa kulianza ghafula, kwa siku chache. Homa ya malaria, ugonjwa wa mapafu, kuanguka na kugonga kichwa, upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, kaswende ya zamani, huzuni kubwa, hata dawa anazokunywa: hayo yote yaweza kufanana na usahaulifu wa uzee, na mengi yake yana tiba. Mzee aliyekimbia vita ao aliyepoteza nyumba yake kwa moto wa Nyiragongo aweza kuonekana amepotewa na akili, kumbe ni majonzi.

Pili, jamaa wafundishwe namna ya kukaa naye. Wasibishane naye wala wasimwaibishe kwa maswali ya kumpima. Vitu vikae mahali pamoja kila siku. Mlango ufungwe usiku, moto uzimwe, na mtu mmoja alale karibu naye. Mabinti wanaomtunza wapokezane, maana wanachoka kupita wanavyosema.

Tatu, mkatekista aseme mbele ya watu, mapema, kabla mtoto ye yote hajafa: «Mama huyu anaugua ubongo.» Neno hilo likiisha kusikika katika jumuiya, ni vigumu zaidi kwa mtu kuleta neno la ulozi. Likisubiri siku ya kilio, litakuja limechelewa. Na hatari ikionekana, asikae kimya. Awaite wakubwa wa mtaa, amhamishe mzee mahali pa salama.

Nne, asiahidi kupona, wala kwa dawa wala kwa maombi ya kuuzwa. Wako watu wanaochukua franga na mbuzi wa jamaa hizi kusudi «wafungue» mzee. Wanawaacha maskini, na mzee amebaki alivyokuwa.

Zamani, Calabar, mwanamke aliyeshtakiwa alipewa haragwe, na watu wakangoja waone kama atakufa. Leo twajua haragwe lile linafanya nini, na chini ya ubongo wa mzee kunakufa nini. Bibi anayezunguka usiku hajui kwamba sisi tumejifunza hayo. Kwake yeye faida ni moja: kwamba asubuhi, majirani wakianza kusema, awepo mtu mmoja katika mtaa mwenye kuweza kuwajibu, na asiyeogopa kuwajibu.